Tangawizi Aliyopewa Mgeni

Majibu yaliposomwa pale ofisi ya kijiji, Myamba, watu walipiga makofi wote isipokuwa mwenye shamba lililosifiwa. Eliakunda alikaa benchi la nyuma.

"Mashamba yote tuliyopima yana bakteria wa mnyauko," alisema Victoria, mtafiti kijana kutoka chuoni. "La mama Eliakunda tu ndilo safi. Mbegu ya tangawizi msimu huu itoke kwake."

Mzee Zebedayo, asiyeamini hata utabiri wa mvua, akauliza kompyuta imejuaje.

"Mashine inasoma vinasaba vipande virefu virefu, mzee, na inakosea sana. Lakini kuna programu inayolinganisha maelfu ya vipande na kuviunga panapofanana. Kosa la kimoja linasahihishwa na vingine. Ni kama habari za msibani: kila mtu ana lake, ila ukiwasikiliza wote unajua marehemu alikufaje. Kwenye sampuli zenu imeunga vinasaba vya bakteria kamili. Kwenye ya mama, tangawizi tu."

"Basi haikosei," mzee akaridhika.

Haikosei! Eliakunda alitamani ardhi ipasuke immeze. Siku Victoria alipokuja kuomba mmea unaoumwa, mvua ilikuwa imenyesha, matope hadi kwenye vifundo. Eliakunda akamwambia, kaa unywe chai mwanangu, nitakuchimbia mimi. Akashuka bondeni, akang'oa shina la kwanza, likanuka. Aibu ikamshika. Binti wa watu katoka mbali vile! Akalitupa, akaenda nyuma ya jiko, akachimba tangawizi nene, akaiosha, akamkabidhi kwa mikono miwili. Hakudhani amedanganya mtu, jamani. Alidhani ni adabu.

Sasa watu walikuwa wanainuka na magunia yao. Faustina, wifi yake, ambaye msimu uliopita shamba lake lote lilinyauka na watoto wakashindia uji, akamshika mkono.

"Wifi, mimi wa kwanza, usinisahau."

Eliakunda akawaongoza wote, Victoria akiwemo, kuelekea shambani kwake. Aliogopa kuchekwa, aliogopa kuitwa mwongo, lakini mkono ule wa Faustina ndio uliomtia hofu zaidi, maana haukumwachia hadi bondeni. Faustina akainama achimbe.

"Acha, wifi," alisema Eliakunda. Akang'oa shina mwenyewe, akalikata kwa kisu mbele yao wote, akaminya. Ute mweupe wa ugonjwa ukatoka, harufu ikawafikia hadi waliosimama nyuma.

Faustina akaweka gunia chini.

Victoria akasogea, akautazama ule ute. "Mama, hii siyo uliyonipa."

"Ulikuwa mgeni wangu," Eliakunda alisema, machozi yakimtoka. "Ningekupaje kitu kilichooza?"