Bamvua la Thamesmead

Jumamosi iliyopita nilikuwa ndani ya treni natoka Ilford, nimekaa na mambo yangu, akaingia mzee mmoja wa Kizungu na fimbo zake za kuvulia ndani ya mfuko mrefu, buti mpaka magotini. Akakaa mbele yangu. Nikatazama buti zake, nikatazama dirishani, nikajikuta namuuliza: "Leo maji yanajaa saa ngapi?" Akacheka, akanijibu. Nikamuuliza tena, una hakika? Watu wakanigeukia. Niliteremka kituo kisicho changu, nikakaa kwenye benchi mpaka treni tatu zikapita.

Usinicheke. Wewe wanijua, mie wasiwasi tumezaliwa pamoja. Kila mwaka baridi ikianza kulegea, miti ikianza kuchipua, wenzangu hufurahi wakatoa nguo nyepesi. Mie huanza kuukwepa mto. Ndio msimu wa besi kuingia mtoni. Humjui besi? Samaki wa rangi ya fedha, mrefu, miba ya mgongoni imemsimama kama kitana. Mtamu huyo, ukimpaka tui na pilipili ukamchoma, unasahau ugomvi wote. Lakini mie miaka mingi sasa hapiti kooni mwangu.

Tulikuwa tunakaa Thamesmead, ghorofa ya tatu, nyumba ambayo ukifungua dirisha la jikoni unasikia ndege zinavyoshuka ng'ambo ya mto. Ulikuwa mwaka wa pili tangu tutoke Pemba. Mama alishajifunza kupika kwa vya kopo: tui la kopo, maharage ya kopo, nyanya za kopo, na kila akifungua kopo husema, "Haya, njaa haijui nazi ya wapi." Jumamosi asubuhi nyumba nzima ilinuka chapati na tangawizi. Kazi yangu ilikuwa kukata ngisi wa chambo cha baba cha mtoni, vipande vyembamba, halafu kulisugua sinki mpaka ling'are, kwa sababu mama alikuwa hataki kukuta hata jicho la ngisi kwenye sinki lake.

Baba hakuwa mvuvi. Kwetu alikuwa fundi cherehani. Lakini mtu aliyekulia pwani anayajua maji kama anavyoijua njia ya msikitini, na baba alikuwa zaidi ya hapo. Wanawake wa mtaani wakitaka kwenda kuchokoa pweza walimpigia hodi: "Fundi, kesho vipi?" Naye alihesabu siku za mwezi kwa vidole, akawajibu bila ya kuacha kushona, na hakosei. Huku London alikuwa anasafisha maofisi, na kila kitu ilimbidi aulize. Basi gani linakwenda Woolwich? Takataka zinatolewa siku gani? Hii ni sabuni ya nguo au ya vyombo? Mara nyingi aliniuliza mimi, maana Kiingereza kilishanikaa mdomoni, na akishaniuliza husafisha koo kama mtu aliyekwamwa na mwiba. Nilikuwa mtoto, lakini aibu ile niliiona, na ilinikaba mimi kuliko yeye. Ndiyo maana niliipenda Jumamosi. Mtoni baba hakumuuliza mtu. Pale alikuwa fundi yule yule wa Pemba, na mie kila wiki nikimuomba Mungu: Yarabi, hili moja tu muachie.

Mwenzake wa kuvua alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, mzee wa kilemba cha buluu na ndevu nyeupe, Kiswahili chake cha Kenya hakina breki. "Wewe fundi, leo nakushinda, utaona! Mimi nimevua ngege tangu sina meno!" Baba naye humjibu: "Ngege samaki wa kwenye bakuli, mzee. Huku kuna maji ya kwenda na kurudi." Maana ziwa halijai wala halipwi kama bahari; mzee wa watu alikuwa hana habari ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, wala maji mafu, na mambo yote ya maji alimuachia baba. Alimwamini moja kwa moja. Hata hilo lilikuwa linanitia wasiwasi.

Mpaka hapo walikuwa wakivua juu ya ukuta wa mto, alasiri, baba akishatoka kazini. Maji yajae yasijae, ukuta ule mrefu, hayamhusu mtu. Walipata vibesi vya kiganja, wakavirudisha majini. Halafu jirani akasikia kwa wavuvi wenziwe kuwa besi wakubwa, wale wa mwanzo wa msimu wanaotoka baharini na njaa zao, hukaa kwenye mawe ya gati kuukuu, mbali kidogo na ukuta, na mawe hayo hufikika maji yakipwa sana tu. Baba akaanza vidole vyake. "Jumamosi mwezi kumi na nne. Bamvua hilo. Maji yatapwa mpaka saa nne asubuhi kama kwetu, hapo ndipo yageuke. Tutashuka mapema, tutavua kwa raha zetu, saa nne tunapanda."

Mama alikuwa anakanda unga. "Umemuuliza mtu?"

"Nimuulize nani? Mwezi mmoja, bahari moja."

"Bahari moja, lakini hii ya watu, baba watoto. Cha watu huulizwa."

"Na mwezi nao wa watu?"

Mama alilipiga lile donge la unga zaidi ya haja yake.

Asubuhi ile ilikuwa na jua la kudanganya, lile linalong'aa bila ya kupasha moto. Walinikalisha juu ya ukuta na chupa ya chai, chapati ndani ya foili, kikopo cha achari ya jirani, na amri moja: usishuke. Wenyewe wakateremka ngazi ya chuma, wakavuka bonde la matope lililokuwa limepwa, buti zikizama na kutoka kwa kishindo, wakapanda mawe. Mawe meusi, yameota mwani wa kuteleza. Upepo ulikuwa unatoka kwao kuja kwangu, kwa hiyo niliwasikia kila neno wanalotaniana, lakini wao wakinisikia kwa shida. Baba alitupa mshipi kwa mkono mmoja, mwili wote umelegea, mtu aliye kwao. Nilimtazama nikafurahi, na furaha yenyewe nikaiogopa.

Kulikuwa na chupa ya plastiki inaelea. Nilikuwa naitazama kwa kukosa la kufanya. Ilipita mbele yetu polepole ikielekea upande wa bahari. Halafu ikasimama. Nikasema imekwama. Halafu ikaanza kurudi, inakwenda upande wa mjini. Nikasema upepo. Lakini upepo haukuwa wa upande huo, na hata mtoto anajua upepo unampiga wapi. Nikayatazama mawe ya chini kabisa, yale yenye konokono. Sikuyaona tena.

Nilisimama nikapiga kelele: "Baba! Maji yanarudi!"

Baba akainua mkono bila ya kugeuka, ule wa kuniambia tulia. Nikamsikia jirani anauliza, "Mtoto anasema nini?" Na baba: "Ana njaa huyo. Anatuulizia chapati." Wakacheka.

Nikapiga kelele tena. Koo likawasha. Na hapo hapo fimbo ya baba ikajikunja karibu ivunjike. Siku hizi najua: besi hula hasa maji yakianza kujaa, yakimletea riziki mpaka mlangoni. Basi samaki yule alikuja kwa sababu maji yalishageuka. Baba yeye aliona samaki tu. "Mkubwa huyu! Mkubwa, mzee! Shika wavu!" Alikuwa anacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu tupande ndege. Na nyuma yao bonde lilikuwa linajaa kimya kimya, kwanza mikono midogo ya maji inapenya kwenye matope, halafu mikono ikashikana, halafu matope hayapo.

Jirani ndiye aliyegeuka. Uso wake sijausahau. "Fundi! Nyuma kuna maji!"

"Haiwezekani," baba akasema, macho kwenye mshipi. "Saa nne bado."

"Wewe saa yako iko mkononi! Maji iko hapa!"

Baba akageuka. Nilimuona anayatazama yale maji kama mtu anayetazama mgeni aliyeingia bila ya hodi. Akaiachia fimbo. Ikaondoka na samaki wake, hakuifuata hata kwa jicho. Akamshika jirani mkono, wakaingia.

Jirani alikuwa hajui kuogelea. Baba anajua, lakini kuogelea kwa Pemba si kuogelea ndani ya maji yanayouma kama barafu, na buti zimeshikwa na matope. Maji yaliwafika kiunoni, yakawafika kifuani. Mie nilikuwa nalia kwa lugha zote mbili. Bwana mmoja alikuwa anapita na mbwa wake, akanisikia, akamwachia mbwa, akang'oa boya jekundu kwenye nguzo akalitupa. Baba akalidaka, akamvisha jirani, akamsukuma, na yule bwana akavuta kamba. Kile kilemba cha buluu nikakiona kimefika kwenye ngazi. Baba sikumuona.

Sijui ilikuwa muda gani. Wallahi sijui, na sitaki kujua. Nilichokuwa nasema ni "basi, basi, basi," kama kwamba kuna mtu ananifinya na nataka aache. Halafu kichwa kikatoka karibu na ukuta, mdomo wazi. Boya likatupwa tena. Akapanda ngazi bila ya buti, miguu imekuwa ya zambarau, akakaa chini kwenye saruji, nami nikamkumbatia na ubaridi wake ukaniingia mpaka mifupani. Baba yangu yu hai. Sikutaka kingine chochote duniani.

Yeye alikuwa anatetemeka meno, na anasema neno moja tu, halafu analirudia. "Mwezi kumi na nne. Leo si mwezi kumi na nne?" Jirani, maji yanamchuruzika ndevuni, akamwambia, "Ndiyo, fundi. Ndiyo." Yule bwana wa mbwa akasema kitu. Baba akanitazama: "Anasemaje?"

Nikamtafsiria: "Anasema hapa yaligeuka tangu saa mbili na nusu. Anasema kila mwezi mpevu ndivyo yalivyo hapa, na yanapanda mbio."

Baba hakumtazama yule bwana. Alinitazama mimi. Akasafisha koo.

Nyumbani mama hakusema nilikwambia, hata mara moja, na aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alimkanda miguu kwa mafuta ya karafuu mpaka ikarudi rangi, machozi yanamtoka anayafuta begani. Jirani alikuja jioni na parantha, chapati zao za samli, za moto, anasimulia kuwa samaki yule alikuwa mkubwa kuliko fundi mwenyewe, na hakumlaumu kwa nusu ya neno mpaka alipokufa. Ingekuwa afadhali angemlaumu. Labda baba angegomba, angejitetea, kitu kingesimama ndani yake.

Jumamosi zikaisha. Besi tukamnunua dukani, amelazwa kwenye barafu, macho meupe. Na baba akaanza kuuliza. Si basi na takataka tena. Aliuliza mpaka aliyokuwa akiyajua. Kibla kiko upande huu, au? Wali umeiva huu? Kitambaa hiki pamba? Fundi cherehani mzima, ameshika kitambaa kwa vidole vyake mwenyewe, anamuuliza mtoto kama ni pamba! Kila alipouliza nilihisi mtu anazima taa nyumbani, chumba kimoja kimoja. Niliomba baba apone, akapona. Sikujua kuwa kuna mtu mwingine alibaki kule chini ya ukuta.

Ukuta upo. Mawe yapo, nimeyaona kwa macho yangu. Samaki wanaingia kila mwaka, na vijana wanawavua, simu mkononi inawaambia saa ya kutoka. Mama hayupo, jirani hayupo, mlango wake una watu nisiowajua. Baba bado anakaa ghorofa ile ile, mzee sasa, anapenda chai yake ipoe kwanza.

Leo asubuhi amenipigia. Shikamoo, marahaba, wajukuu hawajambo. Halafu akaniuliza:

"Mwanangu, nataka nitoke kwenda msikitini. Kuna mvua?"

"Baba, si uchungulie dirishani?"

"Nimesimama hapa dirishani," akasema. "Naona jua. Lakini hebu niangalizie wewe."

Nikamuangalizia.