Siku Nilipomhamisha Mzee Kilonzo Bila Kumwuliza

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kijiko. Nilikuwa nimefika na diploma yangu ya ustawi wa jamii ndani ya bahasha, nimevaa sketi mpya, nikitarajia kuonyeshwa meza na kiti. Mkuu wa Kituo, mama wa maneno machache aliyekuwa muuguzi kabla ya kupewa uongozi, alinipeleka moja kwa moja hadi kwa mama mmoja mzee asiyeweza kuinua mikono, akaniwekea bakuli la uji mapajani.

"Mlishe," akasema.

Nilimlisha. Baada ya dakika kumi nilirudisha bakuli tupu nikijiona hodari. Mkuu wa Kituo akatazama saa yake. "Uji wa yule mama huliwa kwa dakika arobaini. Ukimaliza kwa kumi, umemsukumia. Kesho utarudia."

Nilirudia wiki nzima. Wenzangu niliosoma nao walikuwa wakiandika ripoti, nami nilikuwa nikifuta midomo. Lakini kufikia Ijumaa nilikuwa najua jinsi mtu anavyofunga mdomo akiwa ameshiba, na jinsi anavyoufunga akiwa amekasirika, na sikuwahi kusahau tofauti hiyo.

Kituo chetu kilikuwa Ziwani, mtaa niliokulia. Baba yangu, dereva wa malori kutoka Ukambani, alituleta hapo kabla sijajua kutembea. Kazi tuliyoifanya huitwa huduma za muda mrefu. Maana yake ni kuwahudumia watu ambao hawatapona wiki ijayo: waliopigwa na kiharusi, waliopoteza kumbukumbu, waliozeeka wakabaki peke yao. Daktari hutibu na kuondoka. Muuguzi husafisha kidonda. Sisi maafisa wa ustawi tunashika yaliyobaki, nayo ni mengi: nani yuko nyumbani mchana, nani anamgeuza mgonjwa, ndugu gani hazungumzi na ndugu gani, na mlezi mwenyewe amechoka kiasi gani.

Baada ya miaka saba kituoni nilihamishiwa huduma za nyumbani, chini ya Mratibu, bwana mrefu aliyetembea haraka kuliko maafisa wake vijana. Yeye ndiye aliyenifundisha kufanya tathmini, yaani kuchunguza hali ya mtu na nyumba yake kabla ya kuamua lolote. "Usianze na mgonjwa," alikuwa akiniambia tukipanda ngazi za Kware, zile nyumba ndefu za kupangisha zilizobanana mpaka jua halifiki chini. "Anza na ngazi. Zihesabu. Kisha tazama maji yako wapi. Kisha choo. Kisha ndipo umsalimie mzee, kwa sababu sasa unajua anaishi vipi." Alipostaafu, nikapewa kiti chake. Nikawa msimamizi wa maafisa saba.

Niseme bila haya kwamba nilikuwa msimamizi mzuri. Kila afisa alikuwa na saa moja nami kila wiki, mlango umefungwa, simu zimezimwa. Hicho tulikiita kikao cha usimamizi, na hakikuwa cha kukemeana. Afisa alikuja na mafaili yake, tukayapitia moja moja. Nilikuwa nasoma kama mtu anayechambua mchele. Neno "hashirikiani" nililipiga marufuku. Afisa akiliandika, nilimuuliza: hashirikiani na nani, katika jambo gani, saa ngapi? Mara nyingi ilikuwa kwamba mzee hataki kuogeshwa na mgeni saa moja asubuhi. Hata mimi sitaki.

Kabla ya kikao kumalizika nilimuuliza afisa kuhusu yeye mwenyewe. Kazi hii humfuata mtu nyumbani. Niliwahi kuwa na afisa, mwanamume mwenye misuli, aliyeshindwa kula nyama kwa mwezi mzima baada ya kuona kidonda cha mgongo cha mgonjwa wake. Nilimpumzisha, nikampa mafaili mepesi, akarudi akiwa mzima. Msimamizi asiyeona mambo kama hayo atapoteza watu wake mmoja mmoja.

Basi katika miaka hiyo ya kujiamini ndipo nilipofanya kosa ninalotaka vijana mlijue.

Afisa wangu Wambui alikuwa na miaka miwili kazini. Mwepesi, mkweli, mwenye mwandiko safi. Mchana mmoja alinipigia simu kutoka Kware, akihema.

"Madam Ndunge, niko orofa ya nne. Kuna mzee amefungiwa kwa kufuli kutoka nje. Mzee wa mtaa ndiye ametuita, tukavunja. Amelowa, hajala, ana kidonda cha kulala kwenye nyonga. Hawezi kuongea. Alipigwa na kiharusi."

"Nani anaishi naye?"

"Majirani wanasema binti yake. Hapatikani kwa simu."

Mzee huyo aliitwa Kilonzo, mchonga vinyago aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote mpaka upande wake wa kulia ulipokufa. Siku hiyo hiyo kitanda kimoja kilikuwa kimepatikana katika kituo chetu cha Ziwani. Vitanda vilikuwa adimu, na kisipojazwa jioni, kesho kingekuwa cha mtu mwingine. Wambui alileta fomu ya kumhamisha. Penye nafasi ya idhini ya mgonjwa alikuwa ameandika: "Mzee hawezi kuongea." Niliisoma sentensi hiyo. Nikasaini.

Wanaume wanne wa ploti, yaani jengo lile la kupangisha, walimteremsha akiwa ameketi kwenye kiti. Wambui aliniambia baadaye kwamba mzee alishika nguzo ya ngazi kwa mkono wake wa kushoto, wakalazimika kuufungua kidole kwa kidole. Aliniambia hivyo kwa sauti ya kawaida, kama jambo dogo, nami nikalipokea kama jambo dogo.

Asubuhi iliyofuata binti alikuwa mlangoni pa ofisi yangu. Jina lake Mwikali. Alifanya kazi katika bucha moja ya Soko la Burma, na alikuwa bado amevaa aproni yake.

"Madam, mmempeleka wapi baba yangu?"

Nilimketisha. Nilimweleza juu ya kufuli, kidonda na njaa, kwa sauti ya mtu aliye na haki upande wake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?" akauliza. "Sasa nikueleze. Ile kufuli niliiweka baada ya baba kutambaa mpaka kwenye ngazi na kubingirika. Ufunguo wa pili anao Mama Achieng, mlango wa pili kutoka kwetu. Anaingia saa nne, anaingia saa saba, anamgeuza, anamlisha. Miezi minane amefanya hivyo. Wiki hii amekwenda kumzika mamake. Niliomba ruhusa kazini, nikanyimwa. Jana jioni nilitaka kumhamishia kwa dada yangu. Simu yangu huwa kwenye kabati la bosi mpaka tufunge."

"Na kidonda?"

Akatoa kadi ya kliniki mkobani. Kidonda kilikuwa kimetoka hospitalini pamoja na mzee. Kila wiki muuguzi alikuwa amekipima na kuandika, na kila wiki kilikuwa kimepungua.

"Hakuna hata mmoja aliyebisha mlango wa jirani," akasema Mwikali. Hapo ndipo alipolia.

Tungeweza kubisha milango kumi kwa dakika ishirini. Mratibu wangu wa zamani angebisha. Wambui alikuwa na haraka kwa sababu ya kitanda, nami nilikuwa na haraka kwa sababu hiyo hiyo, na tofauti ni kwamba mimi nililipwa ili nisiwe na haraka.

Nilitaka kujipa moyo kwamba angalau mzee yuko mahali safi. Siku ya tatu muuguzi wa kituo alipiga simu: mzee hataki kula, anapokea maji tu. Chakula kikija, anafunga mdomo. Siku ya nne, vivyo hivyo. Nikauliza faili lake limeandikwa nini. Akanisomea: "Hashirikiani."

Nilikwenda Ziwani mwenyewe. Mzee Kilonzo alikuwa amelala akitazama ukuta, mkono wake wa kushoto juu ya blanketi, mnene, wenye makovu ya patasi. Nilivuta kiti nikaketi mahali anapoweza kuniona. Nikamsalimia kwa Kikamba, lugha ya baba yangu na, nilivyokisia kwa jina lake, yake pia. Macho yake yakanigeukia.

Kiharusi kinaweza kumnyang'anya mtu lugha moja kikamwachia punje za nyingine. Nilikuwa nimefundishwa hivyo na nikawafundisha wengine. Lakini mtu wa namna hiyo anaweza pia kubaki na neno moja tu na kulijibia kila kitu, kwa hiyo lazima umpime kwanza kwa maswali ambayo majibu yake unayajua.

"Wewe ni Kilonzo?" nikamuuliza kwa lugha yake.

"Ii," akasema. Ndiyo. Sauti ilikuwa kama mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa.

"Wewe ni mwanamke?"

"Aiee!" La, tena kwa ukali, na upande mmoja wa uso wake ukacheka.

"Mwikali alikuwa anakutesa?"

"Aiee."

"Unataka kukaa hapa?"

"Aiee." Kisha akasema neno lingine, polepole, silabi moja baada ya nyingine: "Musyi." Nyumbani.

Nilikaa pale nikiwa nimeshika ule mkono. Aibu niliyoisikia sitaipamba kwa maneno. Mtu huyu alikuwa ametuambia la kwa kushika nguzo, akatuambia la kwa kufunga mdomo, nasi tuliandika kwamba hawezi kuongea.

Niliitisha mkutano wa kesi, yaani kikao ambapo wote wanaohusika na mgonjwa huketi meza moja. Alikuja Mkurugenzi, akaja muuguzi, Wambui, Mwikali na Mama Achieng aliyekuwa amerudi kutoka mazishini, bado amevaa kitambaa cheusi. Mkurugenzi wetu alikuwa mtu mwadilifu, lakini aliogopa magazeti.

"Bi. Ndunge," akasema, "tulimtoa mahali alipofungiwa, sasa unataka tumrudishe. Akianguka, jina la nani litaandikwa?"

"Langu."

"Na nitaeleza vipi kwamba alihamishwa kimakosa?"

Wambui aliinua mkono. "Bwana Mkurugenzi, ripoti ilikuwa yangu."

"Ripoti ilikuwa yake," nikasema, "na kila alichoandika alikiona kwa macho. Saini ilikuwa yangu. Kazi ya msimamizi ni kuuliza kile ambacho afisa hakukiona, na sikuuliza. Andika hivyo."

"Unajua itaingia kwenye faili lako?"

"Iingie."

Iliingia. Nilipewa barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho katika maisha yangu ya kazi.

Lakini sikukubali arudishwe kule juu alikokuwa. Usimamizi si kukiri tu, ni kupanga. Wambui na Mwikali walizunguka ile ploti siku mbili wakaongea na wapangaji, mpaka fundi cherehani mmoja wa chumba cha chini, aliyekuwa akiharibu macho kwa giza, akafurahi kubadilishana na orofa ya nne yenye mwanga. Kufuli haikuwekwa tena, badala yake tukaweka komeo la ndani ambalo mzee angeweza kulivuta kwa mkono wa kushoto. Akina mama wa kanisa la Mwikali walichukua Jumanne na Ijumaa ili Mama Achieng apumzike. Wambui alikwenda kila wiki. Haya yote yaliandikwa kwenye mpango wa huduma, jina la mtu, siku na saa, na jina la mtu wa akiba endapo wa kwanza atapatwa na msiba.

Siku ya kumrudisha nilikwenda nao. Mama Achieng alikuwa amepika ugali na supu ya mifupa. Mzee alipofikishwa mlangoni alitazama chumba kigeni, akatazama godoro lake mwenyewe, akamtazama binti yake. Akafungua mdomo kabla kijiko hakijafika. Mwikali alicheka huku machozi yakimtiririka, na Mama Achieng akasema, "Pole pole, Mzee, hakuna anayekufukuza."

Ilichukua dakika arobaini na zaidi. Hakuna aliyeangalia saa.

Aliishi miaka mitatu na nusu katika chumba kile. Wachongaji waliokuwa wanafunzi wake walianza kumletea miiko ya mbao, akiipiga msasa kwa mkono wa kushoto huku ameibana kati ya magoti. Alikufa asubuhi, binti yake yuko nyumbani. Wambui ndiye aliyenipigia, na safari hii hakuwa akihema. Leo yeye ndiye msimamizi wa timu ile, na nasikia ni mkali kuliko mimi.

Vijana wanaoingia kazi hii huniuliza kama sijutii kuwasimulia kisa hiki, mtu niliyefanya mengi mema. Sijutii. Nilikuwa hodari, na kosa lile lilinipata nikiwa hodari. Anayejua kazi yake ndiye anayesaini haraka. Baada ya Mzee Kilonzo sikuwahi tena kukubali fomu isiyo na maneno ya mgonjwa mwenyewe, hata kama ni neno moja, hata kama ni mkono ulioshika nguzo.

Sasa nimestaafu, na magoti yangu yameniasi. Mwezi uliopita binti yangu aliomba nifanyiwe tathmini ya huduma za nyumbani. Alikuja afisa kijana, nadhifu, akaketi akimwelekea binti yangu, akafungua tableti yake.

"Mama analala vizuri?" akamuuliza. "Anaweza kujiogesha? Angependa msaidizi wa kike?"

Binti yangu akanitazama, akaanza kutabasamu, kwa maana ananijua.

"Kijana," nikasema, "geuza kiti."

Akageuza. Akaona haya, akaomba radhi, akaanza tena swali la kwanza, taratibu, akinitazama usoni. Nikamjibu yote.