Mgongo wa Mama Yake

Kazi yangu hospitalini ilikuwa kukanda viungo na kusimamisha watu. Jioni nilirudi nyumbani mikono imekufa ganzi, nikakuta wadogo zangu wananingoja nitwange ndizi za lituma, chakula chetu cha jioni. Tulikuwa yatima, nami ndiye mkubwa. Shule niliiacha mapema. Nilianza kwa kufagia, mpaka mtawa mmoja akanifundisha kukanda.

Wakati huo nilikuwa na mgonjwa mmoja, mvuvi wa maporomoko ya mto, aliyevunjika paja alipoteleza kwenye miti inayoshikilia mitego ya samaki. Mfupa uliunga, lakini goti lilikaza kama ukuni. Asiyekunja goti hapandi miti ile juu ya maji, na binamu yake alikuwa ameanza kuitaka nafasi yake.

Kila asubuhi nilimpaka mawese, nikalikunja goti huku akinitukana, kisha nikamtembeza uani akiegemea fimbo. Nikigeukia mgonjwa mwingine tu, mama yake anamfunga kitenge, anamweka mgongoni na kumrudisha kitandani. Kwao, mgonjwa anayejikokota peke yake ni mtu asiye na ndugu. Kesho yake goti limekaza, naanza upya.

Siku moja mama huyo alinigombeza mbele ya wodi nzima.

“Weye hauna mama? Unatembeza mutu mugonjwa kama mbuzi ya soko.”

Wagonjwa wakacheka. Nilikuwa nimechoka mno, hata kukasirika sikuweza. Nikakaa chini karibu naye, nikamweleza habari za baba yangu, aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi kule Banalia. Mimi na mama tulimbeba kwenda juani, tukambeba kwenda chooni, hatukumwacha akanyage chini. Miguu ikanyauka, vidonda vya kitanda vikamla.

“Tulimubeba muzuri, mama,” nikasema. “Mupaka ku kaburi.”

Asubuhi iliyofuata mama huyo alikaa kwenye kizingiti cha wodi, kitenge amekikalia. Mwanawe alipomwita aje ambebe, alitazama pembeni.

“Kuja weye mwenyewe. Binamu yako hana mutu wa kumubeba, na iko anapanda ku miti.”

Mvuvi alitutukana wote wawili, kisha akaja.

Maji yalipopungua nilipita maporomokoni, nimetoka kazini, mabega yananiuma. Nilimwona juu ya miti, anavuta kikapu cha mtego, mguu mmoja bado mzito. Mama yake alisimama kwenye mawe chini, kitenge mkononi, tayari.