Ukanda wa Pedeli ya Baba

Juzi kijana mmoja mpiga dramu alinionyesha pedeli ya zamani, ile ya kukanyagia dramu kubwa, akaisifu mpaka nikachoka. Eti kila mpigaji sasa anaitafuta. Sasa!

Utotoni mwangu, mtaani Jang'ombe, baba alikuwa nayo kama hiyo. Alasiri moja aliitia mafuta ya cherehani, nyumba nzima ikanuka, kisha akaenda kusali. Mtalawanda wa mama, kile kiatu cha mti cha kuingilia chooni, ulikuwa umekatika ukanda. Nikaukata ule wa pedeli, nikaupigilia misumari kwenye mtalawanda. Kwangu ngozi ilikuwa ngozi.

"Nani kakata? Leo nnapiga harusini miye!"

"Mimi, baba. Nimemtengenezea mama."

Akainua mkono. Mama akapita ukumbini, ko, ko, ko. Baba akaushusha.

"Ukanda wake wa asili ndio haupatikani," yule kijana alilalamika juzi.

Upo. Mama anaingia nao chooni mpaka leo.