Sauti Iliyoishia Miguuni

Shemeji yangu alikuwa jukwaani, ameshika maikrofoni kwa mikono miwili, akiuliza watu wa Yamumbi ni wapi mume wake alitupwa, na hakuna mtu hata mmoja uwanjani aliyekuwa anamsikia. Midomo yake ilikuwa inaenda. Lakini kwenye zile spika kubwa, ambazo nilizibeba mwenyewe asubuhi kwa mgongo, kulikuwa kunatoka kinanda, kile cha kupigwa watu wakipeleka sadaka. Watu walipunga vibendera. Walitafuna mahindi ya kuchoma. Mama mmoja pale mbele alikuwa ameinama anabadilisha mtoto nepi.

Yeye hakujua. Miguuni mwa mtu aliye jukwaani huwa kuna spika ndogo imelazwa chali, imemwelekea yeye, ya kumrudishia sauti yake ili asipotee. Tunaiita monita. Hiyo haikuzimwa. Kwa hivyo shemeji alijisikia vizuri kabisa, sauti nzito imejaa, akafikiri imejaa uwanja wote, na kinanda alichokisikia kwa mbali akakidhani cha kumsindikiza. Na taa ilikuwa inampiga machoni, mbele yake haoni kitu ila weupe. Taa hiyo nilikuwa nimeishika mimi, juu ya mnara wa mabomba, na chini yangu ngazi ilikuwa imeondolewa.

Kutoka huko juu nilimwona vizuri aliyekuwa ameinama kwenye miksa, ile meza ya kupunguza na kuongeza sauti. Alikuwa mchungaji.

Binti yangu ananiambia nikiandika mambo haya nisiweke majina, nitashtakiwa. Sawa. Nitawataja kwa kazi zao. Yamumbi si Nairobi, mtu akitajwa kazi yake anajulikana.

Baba yetu alitoka milima ya Nyanza akaja Eldoret kufanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, akanunua kishamba Yamumbi wakati hapo palikuwa nyasi na mbigili. Mimi shule niliacha darasa la sita. Nilijifunza kutengeneza redio, halafu nikawa mtu wa spika: harusi, matanga, harambee za kanisa. Ndugu yangu mkubwa alikuwa seremala. Nyumba yake na yangu zilikuwa zinaangaliana, na nyuma ya ua wetu alikaa jirani mwenye trekta, mwenyeji wa huko. Alitulimia kila msimu. Mama yetu alipokufa, alikuja na tela yake akabeba viti vya matanga, akakataa hata shukrani. Tulisema huyu ni mtu wa Mungu. Tulikuwa wajinga.

Halafu ukaja ule uchaguzi wa 2007. Matokeo yalitangazwa, na kabla chai ya jioni haijapoa, filimbi zilianza kulia upande wa mtoni. Mimi nilikimbia na watoto wangu na wa ndugu yangu. Yeye alibaki nyuma kufungua ng'ombe, eti asiungue kwa zizi. Shemeji alikataa kumwacha, akajificha kwenye mabua makavu ya mahindi, na ndiye aliyeona.

Aliona tela ikija na vijana wamejaa juu. Aliona wakimpiga mume wake kwa rungu na fito. Aliona wakimrusha kwa tela, na mguu wake mmoja ulikuwa bado unasonga. Trekta ikaondoka. Ilirudi kabla ya giza, tela tupu, imeoshwa. Nani huosha tela kiangazi, vumbi likiwa la kufika magotini? Na dereva hatukuhitaji kuambiwa. Ile trekta ilikuwa na ugonjwa wa stata, haikubali kuwaka upesi, ambao mwenyewe peke yake ndiye aliyeuweza. Kijana mwingine angeipiga mpaka kesho.

Tuliandikisha taarifa polisi. Askari aliandika, akafunga kalamu, akasema uchunguzi unaendelea. Nafikiri bado unaendelea.

Tulikaa kwa mahema ya uwanja wa maonyesho mpaka matope yakatuzoea. Baadaye wengi wa kwetu waliuza mashamba kwa bei ya kutupa wakaenda. Shemeji alirudi. Alijenga chumba kimoja cha mabati palepale, akakaa akisikia trekta ikikohoa nyuma ya ua kila asubuhi. Wazee wa kwetu Nyanza walimpigia simu: mtu asipopatikana, huzikwa shina la mgomba badala yake, roho itulie, watoto wake waoe na kuolewa bila mkosi. Walikuwa hata wamekata huo mgomba. Aliwajibu, "Wazee wangu, mgomba huzikwa mtu akipotelea mahali hakuna anayejua. Wa kwangu anajulikana alipo. Anayejua hunisalimia asubuhi." Akakataa kuzika. Hilo ndilo analotaka mpaka leo, mifupa ya kuzika, hakuna lingine.

Miaka ikapita, uchaguzi mwingine ukakaribia, na ghafla kila mtu akapenda amani. Shirika moja lilikuja na magari meupe, likaunda kamati, na kamati ikamchagua mchungaji wetu kuwa mwenyekiti. Huyu ni mchungaji aliyewafungia waliokimbia mlango wa kanisa siku zile, akisema funguo zimepotea. Amani aliijua kwa kuihubiri tu. Wakaamua kufanya tamasha kwenye uwanja wa shule, na kilele chake majirani wawili washikane mikono jukwaani: shemeji yangu na mwenye trekta. Picha hiyo iende kwa wafadhili.

Mchungaji alinikuta kibandani kwangu. "Fundi, Bwana asifiwe. Tunaomba ujitolee mitambo na taa. Ni kazi ya Mungu."

"Mungu amewatuma na jenereta ama nitafute yangu?"

Alicheka kile kicheko chake cha mimbari. Ningemfukuza, lakini shemeji alikuwa amenitangulia. Alikuja jana yake na sufuria ya githeri, akakaa, akasema, "Shem, hiyo kazi ukiitiwa uikubali. Wanataka nimshike mkono. Nitamshika. Lakini nikipewa maikrofoni nitauliza. Wale vijana wa tela sasa ni watu wazima, wana watoto, huenda mmoja ana roho. Wewe kazi yako ni moja tu. Hakikisha wananisikia."

Basi nikajitolea. Walinipa fulana nyeupe imeandikwa VOLONTIA mgongoni, nikakaa kama gunia la unga.

Tamasha lenyewe, acha tu. Palikuja msanii mmoja aliyekuwa akiimba kwenye kampeni kwamba magugu yang'olewe shambani, na sote tulijua magugu ni nani. Sasa amevaa nyeupe, anaimba sisi ni ndugu, na koo ni lilelile. Mheshimiwa mbunge alikuja na walinzi wake akakaa kwa hema, akapewa maji ya chupa, akapiga makofi kwa vidole viwili. Siku zile mheshimiwa huyu alikuwa anasema watu waende makwao. Sasa alisema Yamumbi ni kwetu sote. Sauti yake ilitoka safi sana, kwa sababu niliitengeneza mimi.

Jua lilipoanza kulala nyuma ya mikaratusi tuliwasha taa. Shemeji akaitwa. Alikuwa amefunga kitambaa kile alichovaa kanisani siku ya harusi yake. Mchungaji akanijia kwenye miksa. "Fundi, ile taa ya kushoto inainama. Panda uishike, mama aonekane vizuri kwa kamera."

"Na hapa nani atakaa?"

"Mimi. Kanisani miksa huendeshwa na nani? Panda, mtu wangu, unachelewesha watu."

Ni kweli, miksa anaijua kama anavyojua Zaburi. Nilipanda. Taa haikuwa imeinama hata kidogo. Nikageuka nimwambie, na vijana wawili wenye fulana kama yangu walikuwa tayari wamebeba ngazi wanaenda nayo.

"Nyinyi! Rudisheni!"

"Inahitajika nyuma ya jukwaa, mzae. Tulia huko juu kama kunguru."

Shemeji alisema, "Bwana asifiwe," na uwanja ukajibu. Akamshika jirani mkono, kamera zikapiga. Halafu akasema, "Sikukuja kusalimia peke yake. Nimekuja kuuliza." Hilo pia lilisikika. Baada ya hapo mkono wa mchungaji ulishuka, kinanda kikapanda. Nilipiga kelele mpaka koo likachanika. Nani atasikia mtu aliye juu ya bomba, spika zikiunguruma chini yake? Mheshimiwa aliangalia saa. Na jirani mwenye trekta alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwa monita. Yeye alisikia yote, kila neno. Alikuwa anaangalia uwanja, anatabasamu, na mwisho akapiga makofi. Uwanja ukamwona akipiga, nao ukapiga.

Nilitelemka kwa bomba nikichunika mikono. Mchungaji alikuwa ameshasimama kando, anafuta jasho.

"Umefanya nini, mchungaji?"

"Waya ulilegea, fundi. Na waya ni wako." Akanishika bega kama mtu anayefariji. "Tusiharibu siku njema."

Waya gani unalegea kwa spika kubwa na kuacha monita, na kuacha kinanda? Ni waya uliookoka? Lakini kwa ripoti yao wakaandika palikuwa na hitilafu kidogo ya fundi wa kujitolea. Binti yangu alinisomea.

Shemeji nilimkuta nyuma ya jukwaa, macho yanang'aa. Tulitembea kwenda nyumbani. Alisema, "Umeona walivyonyamaza, Shem? Watu wote wale. Walinisikia, wakapiga makofi tu, na hakuna hata mmoja aliyesimama." Alisema hivyo bila hasira, kama mtu aliyepima mzigo akajua uzito wake. Sikuweza kumwacha nayo hiyo.

"Hawakukusikia."

"Nilijisikia mwenyewe, kwa masikio yangu."

Nikamweleza ile spika ya miguuni. Nikamweleza taa. Nikamweleza mkono wa mchungaji. Alinifanya nirudie. Halafu akakaa chini kando ya mtaro, na nguo yake nzuri, bodaboda zikitupita zikipiga honi. Nilifikiri analia. Alikuwa anafikiri.

"Kwa hivyo bado hawajaulizwa," alisema.

"Bado."

"Basi nilikuwa nimewakosea. Nilikuwa nimeamua nisiwasalimie tena." Akasimama, akapangusa vumbi. "Ni huyo mmoja tu aliyesimama kando yangu ndiye amekataa kunijibu."

Tangu hapo amejaribu. Alienda kwa chifu, akaambiwa asifungue vidonda vya watu, kama kwamba vidonda ni vya chifu. Aliomba kusimama kanisani, mchungaji akamwambia aandike ombi. Wazee wa kwetu wanampigia simu kuhusu mgomba. Kijana wake mkubwa anataka kuoa na anaambiwa angoje baba azikwe. Magoti ya shemeji yamevimba siku hizi, anashika ukuta akitembea. Ndiyo sababu naandika mimi, na kalamu yangu nzito hivi.

Kwa hivyo nauliza kwa niaba yake, na hapa hakuna wa kupandisha kinanda.

Wewe mwenye trekta: ndugu yangu uliondoka naye kwa tela yako akiwa anasongesha mguu. Ulimmwaga wapi? Ni mtoni? Ni kwenye shimo la choo la mtu? Ni kwenye shamba ambalo unalima kila mwaka ukijua ni wapi usichimbe sana? Sisi hatujakuomba mahakama, ingawa ungestahili. Tuonyeshe mahali, tutachimba wenyewe.

Wewe mchungaji: ni nani alikutuma kwenye ile miksa? Ni mheshimiwa, ni kamati, ama ni roho yako mwenyewe? Simama mbele ya kanisa lako Jumapili, useme.

Na nyinyi mliopanda ile tela mkiwa vijana, ambao sasa mnapeleka watoto shule na mnanunua mkate kwa duka lile moja na shemeji yangu: mlikuwa wengi, lazima mmoja anakumbuka njia. Nyumba yake mnaijua, haina hata geti. Njooni mchana mkiogopa usiku, njooni usiku mkiogopa mchana, lakini mmoja wenu aje amwambie mlimweka wapi.