Mkono wa Kushoto

Leo nimepita nje ya gereji, harufu ya oili ya gia ikanisimamisha.

Nilipokuwa mtoto, uani kwetu Riverdale Park, huko Marekani, baba alikuwa na gari kuukuu la Kimarekani, boneti ndefu, mngurumo wa kutikisa madirisha. Wiki nzima alishinda chini yake, akitoa giaboksi ya otomatiki na kuweka ya klachi. Mama alikuwa hasemi naye. Sikuelewa kwa nini mtu asiyesemeshwa anajichosha hivyo.

Alipomaliza akampa mama funguo. “Jaribu, mama watoto. Si ndivyo ulivyojifunzia nyumbani?”

Mama akakanyaga klachi. Mkono wake wa kushoto ukaenda kutafuta gia, ukagonga mlango. Nyumbani usukani uko kulia. Akagonga tena. Akacheka, baba naye akacheka, halafu mama akalia. Mimi pale kwenye ngazi sikujua nifuate kipi.

Kisha akatumia mkono wa kulia, akaingiza gia, akaondoka. Baba akampungia mkono wenye grisi mpaka mama akakata kona.

“Anarudi saa ngapi?” nikamuuliza.

“Gari liko sawa,” akasema, macho barabarani. “Liko sawa kabisa.”