Mafuta ya Ijumaa

Baba yangu, Eliamini, aliifahamu bunduki moja kuliko alivyotufahamu sisi watoto wake. Nasema hivyo bila kinyongo, au kwa kinyongo kidogo tu. Tarehe zetu za kuzaliwa alikuwa akizichanganya, lakini ukimuuliza bunduki ya shabaha ya boma la Same ilifika lini, na mtutu wake ulikuwa na hali gani siku hiyo, angekueleza mpaka chai ikapoa.

Alikuwa Mpare wa Bombo, huko juu milimani. Vita vilimpeleka Burma, na huko ndiko alikojifunza kutunza silaha. Aliporudi, Mwingereza akamweka Same kwenye stoo ya bunduki. Mpigaji wa ile bunduki ya shabaha alikuwa Athumani wa Ndungu, askari wa wanyama pori, ambaye mimi nilimwita baba mdogo. Kila mwaka walikwenda pamoja kwenye mashindano ya shabaha, mara Moshi, mara Korogwe. Mmoja alisafisha, mwingine akapiga.

Kusafisha kulikuwa na utaratibu wake. Baba alichemsha maji kwenye birika la mama, akayamimina mtutuni kwa faneli, maana baruti ya siku zile iliacha chumvi, na chumvi ikilala humo usiku mmoja, asubuhi unakuta kutu. Kisha vikafuata vitambaa, akivivuta kwa kamba kutoka nyuma kwenda mbele, mpaka kimoja kitoke cheupe kama kilivyoingia. Mama yetu, Eliwaza, alilalamika kwamba kanga zake zote zinaishia mtutuni. Mwisho baba alipaka mafuta, bunduki ikalala nayo.

Mafuta hayo yalikilinda chuma na kuiharibu shabaha. Risasi ya kwanza ikipita kwenye mtutu wenye mafuta haiendi ulikolenga. Kwa hatua mia moja inapanda juu kiganja kizima. Baba alibandika karatasi ya shabaha ukutani kwa ajili ya wabishi. Matundu mawili yaligusana katikati, na moja lilijitenga juu peke yake.

“Hilo la juu si la mpigaji,” alikuwa akisema. “Ni la mafuta.”

Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi Athumani bunduki, alifuta mtutu kwa kitambaa kikavu, akaenda nyuma ya boma akapiga risasi mbili kwenye kichuguu, ndipo akasema, “Sasa ni yako.” Athumani hakuwahi kuchungulia. Alisema akichungulia, Mpare wake atanuna wiki nzima.

Sisi tulikuwa Wasabato, tena wa kuishika Sabato kikweli. Ijumaa ilikuwa siku ya maandalio. Kabla jua halijazama chakula kilikuwa kimepikwa, kuni zimepangwa, na bunduki zote za stoo zimepakwa mafuta, kwa kuwa baba hangezigusa tena hadi Jumapili. Jumamosi hatukuwasha hata moto. Mke wa Athumani, Sharifa, ambaye nyumba yake ilikuwa ukuta kwa ukuta na stoo, ndiye aliyekuja kutuwashia na kutuchotea maji, kwa mapenzi yake tu. Athumani naye alikuja kula mchana. “Mnanilisha kiporo kila Jumamosi,” alituchokoza, “halafu mnaniambia ni ibada!”

Mwaka wa hamsini na mbili mashindano ya Moshi yaliangukia Jumamosi. Baba alihangaika wiki nzima, mwishowe akaenda. Alifuta mtutu siku ya Sabato, Athumani akapiga, wakarudi na kikombe. Wazee wa kanisa wakamweka chini ya karipio miezi sita. Alikaa benchi la nyuma kabisa, bila kushiriki meza ya Bwana, na bibi yetu huko Bombo alituma ujumbe kwamba hatakanyaga nyumba yetu mpaka mwanawe apokelewe tena. Baba, ambaye vita havikumliza, nilimwona akilia kwa sababu ya ujumbe ule.

Ijumaa, siku moja kabla ya kupokelewa, bibi aliteremka milimani, mzee na mgonjwa, akakohoa njia nzima ndani ya lori, akalala kwa mzee mmoja wa kanisa. Kesho yake asubuhi tulikuwa tumesimama mlangoni pa kanisa, bibi amemshika baba mkono, Athumani akaja mbio na sare zake za kazi.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mwanangu.”

Akamgeukia baba. “Eliamini, kuna nyati Ndungu, kwenye mahindi. Jana amemjeruhi mama mmoja. Bunduki kubwa zote zimepelekwa kijijini Kifaru. Nipe ile yetu.”

Baba alimtazama bibi. Akatoa ufunguo mfukoni. “Iko kwenye kasha.”

“Leo hunipi kwa mkono wako?”

“Leo ni Sabato.”

Athumani akacheka. Hakukasirika hata chembe. “Haya. Niwekeeni kiporo changu,” akasema, akaondoka.

Kitambaa kikavu, mara mbili, na risasi mbili kwenye kichuguu. Kazi ya dakika tano. Baba aliniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwamba wimbo wa kwanza wote aliuimba akiwaza mafuta. Alijiambia Athumani atafuta. Alijua hatafuta, kwa kuwa miaka saba hakuwahi. Hata kusema tu, “Ina mafuta,” aliona ni kuzungumzia kazi mbele ya wazee, siku ile ile ya kusamehewa. Akasikia lori la boma likipita kuelekea Ndungu, akaendelea kuimba. Hapo ndipo ninapomkasirikia mpaka leo, na amekufa, na nilimpenda.

Habari zililetwa Jumapili asubuhi na Kassimu, mwenye lile shamba la mahindi. Athumani amekufa. Mama alipiga yowe. Baba aliuliza swali moja tu.

“Risasi ya kwanza ilikwenda wapi?”

“Juu,” Kassimu akasema. “Alilala chini vizuri, akalenga chini ya sikio, bila haraka. Nikaona tawi limekatika nyuma ya nyati. Yule mnyama akaja. Athumani akapiga ya pili, ikamwingia pale pale chini ya sikio. Lakini alikuwa ameshamfikia. Waliangukiana.”

Baba aliketi chini, kwenye vumbi.

Hakuna aliyemlaumu. Bwana mkubwa wa boma aliikagua bunduki Jumatatu, akasema nyati ni nyati, kisha akaandika barua ya kumsifu baba kwa kuitunza silaha vizuri. Baba aliichoma ile barua. Alitaka kwenda kwa Sharifa kumwambia ukweli, lakini Sharifa alikuwa ameingia eda kwa kaka yake Iddi huko Ndungu, na mwanamke wa eda haonani na mwanamume wa kando. Miezi minne na siku kumi. Baba alizihesabu moja moja kwa mkaa nyuma ya mlango wa stoo. Alikonda mpaka mama akampunguzia suruali.

Eda ilipokwisha tulikwenda, baba, mama na mimi. Iddi alitukaribisha, tukaketi mkekani, Sharifa akatoka na kanga yake nyeusi. Baba alimweleza yote bila kuficha: mafuta, wazee, bibi, wimbo. Alimwambia, “Nilijua, shemeji. Nilijua na nikanyamaza.” Mama akamshika bega.

Sharifa alimsikiliza mpaka mwisho. Nilitamani amtukane. Nadhani hata baba alitamani.

“Kila Jumamosi nilikuwa nawawashia moto,” akasema mwishowe. “Asubuhi ile nilikuwa jikoni kwenu, napasha chai ya bibi. Athumani alipita na kasha, akaniaga. Ungemwambia anipe mimi nifute, shemeji. Mimi Sabato hainihusu. Kitambaa tu.”

Jambo hilo halikuwahi kumjia baba akilini, siku zote zile mia na zaidi.

Jumamosi iliyofuata mama aliamka akakuta moto unawaka jikoni. Baba aliuwasha mwenyewe, na hivyo ndivyo alivyofanya kila Sabato mpaka alipokufa. Kisha alivaa koti, akaenda kanisani, akakaa benchi la nyuma kabisa, bila kuambiwa na mtu.